Breki za Gari la Maiti

Ilikuwa siku ya kawaida tu pale Malaba. Jua linawaka, malori yameegeshwa kando ya barabara, matanboi, wale wasaidizi wa madereva, wamelala chini yake. Zilpa alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu nje ya gereji ya Egwang, tumbo kubwa mbele yake, anatafuna hindi la kuchoma na kumsikiliza mumewe akisitasita. Huyu Zilpa ni jirani yetu wa Busia, ua kwa ua, na haya aliyasema mwenyewe bila kupepesa macho. Mtu asiniambie ni porojo.

Mumewe Paulinus alikuwa na teksi, Pijo moja ya siku nyingi. Breki zilikuwa zimekwisha kabisa. Ukikanyaga, chuma kinalia juu ya chuma na gari linasimama linapotaka lenyewe. Viatu vya breki vipya vilikuwa Kisumu, vingefika wiki ijayo. Vilivyokuwa mezani kwa Egwang vilikuwa vimeshatumika, lakini vinene, vikavu, havijaungua, na vya saizi ileile.

"Hivi vilitoka gari gani?" Paulinus aliuliza.

Egwang alijikuna shingo. "Boss, sitakudanganya. Ni lile gari lililokuwa linaleta maiti kutoka Jinja."

Huku kwetu kila mtu anajua mambo ya gari la maiti. Watu wetu wakifia Uganda hurudishwa makwao, na njiani marehemu anaongeleshwa: mzee, tumevuka mto, mzee, karibu tunafika. Usipomwongelesha, gari linagoma. Egwang akasema wa mwisho kubebwa na gari hilo alikuwa mzee mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Dereva alizunguka naye lango kwa lango, na kila boma likasema si wetu. Mwishowe alizikwa kando ya barabara, na gari likauzwa vipande vipande.

Paulinus akakirudisha kile kiatu mezani haraka. "Tungoje vya Kisumu."

"Tungoje?" Zilpa akainuka. Mimba yake ya kwanza iliharibika njiani, juu ya keria ya baiskeli, kabla hajaona hata ukuta wa hospitali ya misheni kule Nangina. Alikuwa ameapa hatazika mwingine kwa kukosa gari. Akakichukua kile kiatu, akakikandamiza kwa ukucha, akakinusa kama kina mafuta, akatafuta ufa. Hakuna. "Maiti alikuwa amelala huko nyuma. Breki ziko kwa magurudumu. Egwang, funga hizi."

Zikafungwa. Gari likawa linasimama vizuri hata Paulinus mwenyewe akaanza kuwacheka walioogopa.

Uchungu ulimshika Zilpa wiki hiyohiyo, mchana. Akalazwa kiti cha nyuma, wakashika njia ya Nangina. Mvua ilikuwa imenyesha, barabara inateleza, na hapakuwa na mtu njiani. Mbele ya lango la boma moja, gari likasimama.

"Unasimama nini sasa?"

"Sijakanyaga," Paulinus alisema.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Polepole. Kiti kikainuka miguuni pa Zilpa, vile kinavyoinuka mtu mzito akishuka. Wakangoja. Kiti kikabonyea tena. Mlango ukajifunga.

"Si hapa," kitu kikanong'ona.

Gari likaachia, likaenda. Lango la pili, likasimama. Mlango. Kiti. "Si hapa." Lango la tatu, vilevile.

Paulinus akavua kofia, akaanza kuongea kwa heshima. "Mzee, tumepita Matayos. Tunakupeleka, mzee. Utusamehe."

Likasimama tena.

Zilpa akahisi ubaridi umemshika nyayo. Ukapanda. Ukafika magotini. Mtoto, aliyekuwa akisukuma tangu watoke nyumbani, akatulia ghafla.

Hapo ndipo hasira ilimpanda. Eh! Mwanamke yule alikasirika!

"Wewe!" alifoka. "Nilikuchukua mimi! Mume wangu alikukataa, nami nikasema ni chuma tu. Sasa nisikilize. Kwenu sikujui. Pole sana. Lakini gari hili lina mtoto, na kama ni kusimama, litasimama Nangina. Toa mikono yako kwangu. Kaa kimya!"

"Zilpa, usimtusi," Paulinus akanong'ona.

"Endesha!"

Ubaridi ukateremka, ukatoka. Mtoto akapiga teke. Gari halikusimama tena mpaka mlangoni pa hospitali, na hata hapo Paulinus anaapa hakukanyaga.

Mtoto alikuwa wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kuvunja vikombe. Lakini walipofika nyumbani alikataa titi. Analia tu, mchana kutwa. Mama mkwe, Roselida, akafanya kama inavyofanywa: akataja majina ya marehemu wa ukoo, mmoja mmoja, ili anayetaka kurithiwa jina ajulikane. Kila jina mtoto akalia zaidi.

Roselida akashusha sauti. "Kuna mtu anataka jina, na si wa kwetu. Twende kwa Egwang, tuulize yule mzee aliitwa nani. Tumpe, mtoto anyonye."

Paulinus alikuwa ameshachukua kofia. Zilpa akasimama mlangoni.

"Hakuna anayekwenda popote. Nilimpa lifti. Sikumpa mtoto." Akamwinua yule mchanga mbele ya uso wake. "Unaitwa Nathaniel. Nimekuita mimi niliyekuzaa. Nyonya!"

Mtoto akalia. Zilpa akamrudisha tena kifuani. Akalia. Zilpa hakubanduka, machozi yanamtoka na meno ameyauma. Mara ya tatu mtoto akanyamaza, akashika titi, akanyonya kama mwenye deni.

Egwang aliitwa, akazitoa zile breki, akaenda kuzitupa mtoni. Pijo ikabaki uani juu ya mawe, bila magurudumu. Asubuhi iliyofuata Zilpa alitoka kufagia. Nje ya lango, kwenye matope, palikuwa na alama za matairi yaliyofunga breki ghafla. Zimetoka barabarani, zimekuja hadi langoni, zimekomea hapo. Hakuna zilizorudi.

Akazifagia. Kesho yake zilikuwepo.

Nathaniel sasa ana ndevu, na Pijo iliuzwa zamani. Ukipita kwetu mapema utamkuta mama huyo ameinama langoni, anafagia na kusema kwa sauti, "Utangoja sana." Miaka yote hiyo alama hazikuvuka lango hata siku moja. Lakini juzi zilikuwa zimesogea ndani kwa upana wa kiganja, na Zilpa akaenda sokoni kununua ufagio mpya.