Viraka Viwili Ukutani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Shamimu humtia bibi yake dawa ya macho, kisha hufagia chumba chao. Wanalala humo pamoja, kila mmoja na kitanda chake, nyumbani kwao Kibamba. Ukuta ulikuwa bado plasta tupu ya saruji, na Bibi Mwanabaraka alikwisha kujigonga mara mbili kwenye kona ya mlango.

Jumamosi alikuja Fundi Kondo. Kwenye ile kona alipaka viraka viwili vya rangi, kimoja kijivu, kingine kijani kilichofifia.

"Vikikauka, bibi avitazame, achague kimoja," alimwambia Shamimu. "Mchana, halafu tena jioni taa ikiwaka. Kisha nipigie. Rangi ikishachanganywa, dukani hawaipokei tena."

Lakini Shamimu alikwisha kupenda kijivu. Chumba cha rafiki yake Noela ni cha kijivu! Bibi alikuwa amelala, naye hakumwamsha. Saa tisa alasiri akapiga simu.

"Shikamoo, fundi. Bibi kachagua kijivu."

"Marahaba. Haya, nimesikia."

Jioni Bibi aliwasha taa, akausogelea ukuta taratibu, mkono mbele.

"Mjukuu wangu, si mlisema viraka viwili? Mie nakiona hiki cha kijani tu." Kiganja chake kilikuwa juu ya kile cha kijivu, bila yeye kujua. "Kizuri hiki cha kijani. Kona naiona, sitajigonga tena."

Shamimu alichukua simu.

"Fundi, nilikudanganya. Bibi hakuchagua. Kijivu hakioni kabisa! Wameshachanganya?"

Fundi Kondo alicheka. "Taa gani huwaka saa tisa, mama? Nilijua hapo pana jambo. Nikakaa zangu kijiweni, nanywa kahawa, nasubiri unipigie tena."

Shamimu alishusha pumzi ndefu, machozi yakamtoka. Akamweleza Bibi yote.

"Ulikipenda sana kijivu?" Bibi aliuliza, akimfuta uso kwa ncha ya kanga.

"Sana, Bibi."

"Ungesema tu. Ukitumwa neno la mtu, fikisha lake. Lako liseme kama lako, nasi tutalisikiliza."

Jumatatu Bibi aliipita kona bila kuigusa. Chumba kizima kilikuwa cha kijani, isipokuwa ukuta mmoja juu ya kitanda cha Shamimu. Huo ulipakwa kijivu.