Mikono Ndani ya Kizimba

Kizimba cha kasuku kilikuwa kitupu kwa siku ya nne, kimesuguliwa kwa dawa, lakini mtunzaji, Mzee Njoka, alipoweka mtama humo kwa mazoea, kufikia saa sita yalibaki maganda tu.

Alikuwa amechoka hata kushangaa. Wiki tatu sasa, katika bustani ile ndogo ya wanyama nje ya Runyenjes, kazi yake ilikuwa kubeba mizoga: kasuku, kanga, sungura. Daktari wa mifugo alisema ni bakteria wa mavi ya panya, akamwachia sheria moja: anza na wazima, maliza na wagonjwa, kisha nawa. Wazima waliobaki ni pimbi mmoja na watoto wake wawili, aliowalea kwa chupa. Hao wakifa, Njoka hakujua angeamkia nini.

"Mzee, umeweka nani huko ndani?" Veronicah, mfanyakazi mwenzake, alinong'ona. "Naskia mtu anatafuna."

"Hakuna mtu."

Lakini naye alisikia: meno yakisaga polepole mahali pasipo na mnyama, na harufu ya manyoya yaliyoungua ikamfuata mpaka stoo, ikarudi naye, na alipoinua macho akaona wavu umetuna kwa nje kana kwamba kitu kizito kimeuegemea kwa mgongo, kikingoja tu mtu wa kukibeba.

Wakamwita Pasta Gitari. Alikemea jini mpaka jasho likamtoka, akaingiza mikono yote miwili kizimbani, akapapasa sakafu. Harufu ikakatika. Wavu ukanyooka. Veronicah akalia kwa furaha. Kisha Pasta akaenda moja kwa moja kwa pimbi, akawashika vichwa mmoja mmoja.

Njoka alifungua mdomo. Lakini nani atamwambia mtu wa Mungu kwamba mikono yake ni michafu? Tena alikuwa amechoka. Akasema amina.

Jumapili aliwakuta pimbi wote watatu wamelala ubavu, baridi. Aliketi sakafuni akalia bila aibu, kisha akampigia Pasta simu. Akapokea mkewe.

"Ameenda Mikinduri, anawekea watoto mikono. Wamekuja wengi! Na tangu atoke huko kwenu halali, hachoki. Mungu ni mwema."

"Mama, tafadhali, mwambie anawe kwanza."

Mama Pasta alicheka kwa upole. "Anawe ya nini, na hiyo mikono iko na upako?"