Mistari Tisa ya Chahida

Sanduku la disketi lilikuwa limebaki moja tu kwenye meza ya Moindjié, soko la Volo Volo mjini Moroni, na mikono miwili ikalishika kwa pamoja. Mmoja ulikuwa wa Oumouri, mwalimu kijana wa hesabu kutoka Itsandra. Wa pili ulitoka ndani ya shiromani nyekundu, vazi la wanawake wa kisiwa cha Nzwani, na ulinukia asumini.

"Kaka, niachie. Nimeanza mimi kushika."

"Ulianza kwa macho, dada. Unazitakia nini?"

"Naandika programu. Kwa lugha ya C."

Oumouri alicheka. Alidhani Moroni nzima ni yeye peke yake anayehangaika na lugha ile ngumu, inayosema na mashine bila mkalimani.

"Mimi pia. Programu zangu zinakimbia sana."

"Zinakimbilia wapi?" aliuliza yule dada, Chahida, na Moindjié akacheka kwa niaba ya soko zima.

Waligawana disketi nusu kwa nusu. Ilikuwa mwaka 1998. Nzwani ilikwisha kujitenga na visiwa vingine, na Chahida alikuwa akiishi Moroni kwa shangazi yake Batoul. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wapenzi, na wameandika pamoja programu ya kutuma barua kwa njia ya simu, iwahi kufika kabla laini haijakatika. Waliitoa bure mtandaoni, msimbo wake, yaani mistari yake yote, ukiwa wazi, atakaye asome, atakaye aiongezee kasi. Watu wa nchi za mbali waliwaletea masahihisho. Wenyewe waliwekeana sharti moja: hakuna kugusa mistari ya mwenzako bila kumwuliza.

Mistari tisa ya Chahida ndiyo iliyowagombanisha. Ilizuia barua isifutwe kwa mtumaji mpaka mashine ya pili ijibu, "Nimepokea."

"Inatuchelewesha, mpenzi."

"Bwana Haraka, ukimpa mtu kitu humtazami kama amekishika?"

"Nakutazama wewe."

"Basi nitazame, na mistari yangu uiache."

Aprili 1999 Moroni iliwageukia watu wa Nzwani kwa hasira ya kule kujitenga. Waliokuwa majirani jana walisimama barabarani na marungu, na Chahida na shangazi yake wakapanda meli kurudi Nzwani na sanduku moja la nguo. Oumouri hakumfukuza mtu. Lakini siku hiyo alijifungia Itsandra, hakwenda kusimama mlangoni kwa Bi Batoul, na aibu hiyo ilimla.

Akatafuta cha kumfurahisha. Chahida alikuwa amepata kazi Mutsamudu, mji wa Nzwani, ofisi ya mizigo bandarini, penye kompyuta na simu. Oumouri akaifuta ile mistari tisa bila kuuliza. Kasi ikapanda karibu maradufu. Akamtumia toleo jipya, naye Chahida akaliweka bila kulisoma, kwa kuwa limetoka kwa Oumouri.

Wiki iliyofuata Oumouri akampigia simu.

"Chahida, nataka kuja kwa wajomba zako. Nikuoe."

"Unajua kwetu mume ndiye huhamia kwa mke? Utakuja kuishi Mutsamudu, wewe Mngazija, mtu wa upande wa Moroni, wakati huu?"

"Ukiniita."

"Hapa ofisini masikio ni mengi. Nipe siku tatu, nitakuandikia."

Siku tatu zikapita, kisha kumi. Simu za visiwa viwili zikakatwa, zikarudi. Oumouri hakupiga. "Nilimwuliza," alijisemea, "mwenye kujibu ni yeye." Ukimya ule akauchukua kuwa ni hapana, akajifanya hajali, akaendelea kuhesabu sekunde za programu yake. Mpumbavu, na nasema hivyo kwa kumpenda.

Mwaka 2001, visiwa vilipoanza kupatana, alivuka. Alipanda vichochoro vya Mutsamudu akiulizia, mpaka mlango wa mbao uliochongwa. Chahida alifungua, liwa ya urembo usoni, mtoto kiunoni. Bi Batoul alikaa nao sebuleni, kama ilivyo heshima.

"Umefuata nini, Oumouri?"

"Kuuliza kwa nini hukunijibu."

"Nilikujibu siku ya tatu. Laini ilikuwa ikikwaruza, lakini mashine iliniambia imetuma, na barua ikafutika. Nikajua umeisoma."

"Haikufika."

"Haiwezekani. Ingesubiri."

Oumouri alitazama mkeka. "Niliitoa ile mistari."

Chahida alimpa Bi Batoul mtoto, akaingia ndani, akarudi na karatasi iliyokunjwa mara nne, ile aliyoiandika kwa mkono kabla ya kuichapa. Oumouri akasoma: *Njoo. Mjomba Nadjim amekubali. Nyumba mama amekwisha kunijengea. Lakini njoo kabla ya Ramadhani, wapo wengine wanaouliza.*

"Nilikungoja mpaka Ramadhani ikaisha," alisema. "Niliona haya kukupigia. Mwanamke akishasema ndiyo, akumbushe tena? Chafik ni mume mwema, Oumouri."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nilikupenda sana." Akaichukua karatasi, akaikunja, hakumwachia. "Rudisha mistari yangu. Kuna wengine wanaotumia programu ile."

Oumouri alirudi Moroni, akairudisha yote tisa, mmoja mmoja, na kwenye maelezo ya toleo akaandika mbele ya dunia: *Chahida alikuwa sahihi. Kosa ni langu.* Kisha akaituma programu kwenye ofisi ya bandari. Laini ikasitasita. Programu ikasubiri, naye akasubiri nayo, mikono magotini, mpaka mashine ya Mutsamudu ikajibu, *Nimepokea*, kama ambavyo ingemjibu mtu yeyote.