Chumvi Iliyobaki Kwenye Trei

Maji yalitoka matamu. Kipimo kilisema hivyo, na ulimi wa mpimaji ukaafiki. Kilichomshtua ni chumvi iliyobaki kwenye trei ya mtambo: ilinukia sabuni ya kunyolea ndevu.

“Unanusa kama paka mlangoni mwa bucha,” fundi akamtania. “Kuna nini?”

“Hakuna.”

Kilikuwepo. Ndiyo sabuni aliyonyolea mumewe siku aliyoingia ziwani na boti kupima kina, ziwa likamla na mwili lisiurudishe. Kazi hii ya kujaribu kupunguza chumvi ya ziwa aliiomba kwa sababu hakuwa na kaburi la kwenda kulilia.

Kila jioni chumvi iliyochujwa ilirudishwa ziwani. Wakubwa waliuita utaratibu wa majaribio. Fundi aliuita adabu.

“Maji tunakunywa sisi,” alinong’ona akibeba trei, “chumvi tunamwachia mwenyewe. Usiniulize mwenyewe ni nani, dada. Mimi nina watoto.”

Hakujua kwamba konzi moja ya chumvi hiyo ilikwisha kufungwa kwenye pindo la mtandio wa mpimaji. Nyumbani mpimaji aliimimina kwenye kikopo jikoni, akaenda kuoga.

Giza halijaingia vizuri, alipokuwa akijifuta chumbani, wembe ukasikika bafuni ukigongwa kwenye sinki: tk, tk, tk. Akatoka mbio. Mama mkwe, aliyekuwa akimlisha mjukuu wake, alikuwa ameweka kijiko chini.

“Nani yuko bafuni?”

“Hakuna mtu, mama.”

“Mimi ndiye niliyemzaa. Najua anavyogonga wembe.” Machozi yalimlenga. “Mwanangu, ni wewe?”

Harufu ya sabuni ikajaa ukumbini, nyuma yake ikaja harufu ya tope la chini kabisa ya ziwa, na nyayo zenye maji zikaanza kujichora sakafuni, moja baada ya nyingine, bila mwenye nyayo, zikielekea pale alipoketi mtoto, mpaka sauti ya yule waliyemlilia mwaka mzima ikasema taratibu, kama inayozungumza na watu baki, “Mmechukua changu. Nami nitachukua chenu.”

“Huyu si mwanangu,” mama mkwe akanong’ona. “Amevaa sauti yake tu. Chochote ulicholeta, kirudishe.”

Mpimaji alikimbia na kikopo hadi ziwani, nyayo zikimfuata. Akakimwaga, akakisuuza, akakisuuza tena. Nyayo zikampita, zikaingia majini, na harufu ya sabuni ikakatika. Hapo ndipo alipolia, maana alijua amemzika mumewe kwa mkono wake mwenyewe.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa ameshika sahani yenye maganda ya yai alilomlisha mtoto.

“Lilikuwa halijakolea,” alisema. “Nilichota kwenye kikopo chako. Kidogo tu, mwanangu.”

Chumbani mtoto akakohoa, kikohozi kizito cha mwanamume aliyekunywa maji mengi. Kisha akaanza kugonga ukingo wa kitanda kwa kucha: tk, tk, tk.

Mpimaji alijua anatakiwa mganga, na upesi. Lakini kwanza aliketi kando ya kitanda, akafumba macho, akasikiliza.