Haraka na Mbolea Kali

Watu walimwita Haraka, na jina lilimfaa. Alikula amesimama. Vifungo vya shati alivifunga akiwa njiani kwenda shambani. Msimu huu mahindi yake yaligeuka manjano, basi nyumbani hapakukalika.

"Baba watoto, tulia," mkewe alimwambia.

"Nitulie, halafu tule nini?"

Nyuma ya jiko alichanganya mbolea ya kukuzia na majivu kwenye beseni, akanyunyizia maji. Aliamini majivu yanaongeza nguvu. Harufu ikampiga puani, machozi yakamtoka. Akafurahi.

"Hii kali! Ndiyo yenyewe!"

Mchana huo huo akaimwaga shambani juu ya udongo, jua likiwaka.

Jioni binti yao mwenye pumu alibanwa kifua. Wakamkimbiza zahanati, akapewa dawa, akarudi amechoka. Haraka alizunguka uani asijue ashike lipi. Aliogopa kumpoteza mtoto.

Kesho yake bibi shamba, mtaalamu wa kilimo na rafiki wa mkewe, alikuja kuwajulia hali. Akalinusa beseni.

"Shemeji, ulichanganya na majivu?"

"Ndiyo. Si unasikia ilivyo kali?"

"Hiyo harufu ni mbolea inayokukimbia. Majivu yanaigeuza kuwa gesi, na jua linaipandisha hewani. Mahindi hayaipati. Mnaivuta ninyi na majirani. Mwenye pumu ndiye anayeumia zaidi."

Haraka alikaa chini kama gunia. "Kumbe nimemvutisha mwanangu mbolea!"

"Usikae sasa. Chukua jembe na mbolea iliyobaki mfukoni bila majivu, twende."

Shambani udongo ulikuwa na unyevu. "Chimba kishimo kando ya shina," bibi shamba alisema. "Tia mbolea ya kujaza kizibo kimoja cha soda, usizidishe. Fukia hapo hapo. Majivu weka mbali."

Haraka akafukia, akainama, akanusa. "Mbona hainuki? Au hii ni feki?"

"Ikinuka, ujue umeshaipoteza."

Hakuamini. Kila asubuhi alipiga magoti kunusa udongo, majirani wakimcheka mpaka mbavu ziwaume. Harufu haikurudi. Mahindi yakaanza kurudisha kijani. Binti aliendelea na dawa zake, na kifua kikaachia.

Asubuhi moja binti alisimama uani akapaza sauti: "Babaa! Chai inapoa!"

Sauti ilifika hadi mwisho wa shamba bila kukatika. Haraka aliisikia vizuri kabisa. Akanyamaza makusudi, ili binti aite tena.