Mafuta Yasiyozibua Mishipa

Saa sita mchana soko la Surquillo halina nafasi ya kugeuza hata kiwiko. Rómulo Tafur, fundi wa kupima mishipa ya damu katika kliniki moja ya Lima, alikuwa akingoja sahani yake ya samaki wa ndimu aliposikia sauti ya mwanamke kibanda cha pili ikimkatalia mteja.

Mwanamke huyo, Edelmira Huayta, alivaa gauni la rangi ya papai na aproni nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka. Aliuza mafuta ya mbegu za sacha inchi, mmea wa msituni, yaliyokamuliwa na kaka zake katika mji wa Lamas, pamoja na vidonge vya kitunguu saumu. Mteja alitaka kitu cha kuzibua mishipa ili aachane na dawa za hospitali.

"Hapa hakuna cha kuzibua mishipa, bibi," Edelmira alimwambia. "Haya ni mafuta mazuri ya kulia saladi. Dawa ya daktari endelea nayo. Ukitaka wa kukudanganya, wamejaa huko mbele."

Rómulo alisahau samaki wake. Kila siku mashine yake ilimwonyesha mishipa iliyoziba shingoni mwa watu walioamini ahadi za chupa. Akasogea, akamwambia Edelmira kwamba kwa maneno yale atafunga duka.

"Na wewe nani, mkaguzi?"

"Mnunuzi. Nipe mbili."

Alirudi kesho yake na kesho kutwa, mpaka jikoni kwake mafuta yakawa mengi kuliko maji. Edelmira alimcheka, lakini simu zake alizipokea kabla hazijaita mara mbili. Mwaka ukapita wakiongozana Jumapili ufukoni Barranco, na Rómulo akampeleka kwa baba yake, mzee Abelardo, dereva mstaafu ambaye mshipa wake wa shingo ulikuwa umeziba nusu.

Asubuhi moja ya Juni, mdomo wa mzee ulipinda akinywa kahawa. Kilikuwa kiharusi kidogo, na madaktari waliwahi. Rómulo alipofungua kabati la baba yake, alikuta dawa za hospitali hazijaguswa tangu Machi, na kando yake chupa nne za vidonge vya kitunguu saumu. Akapiga simu papo hapo.

"Edelmira, umemuuzia baba nini?"

"Unaniuliza, au umeshahukumu?"

"Amenusurika kufa."

"Mzee anaendeleaje?"

"Nijibu kwanza."

"Mwaka mzima umenisikia nikiongea na wateja," alisema taratibu. "Kama hukunijua kwa hayo, jibu langu halitakusaidia." Akakata simu.

Wiki mbili Rómulo alijiona ana haki. Kisha ulimi wa mzee ukafunguka. Abelardo alisema alikuwa amekwenda kwa Edelmira kwa siri, naye akamnyima chupa mpaka aape kwamba hataacha dawa za hospitali. Akaona binti ana maringo. Akanunua kwa bwana mmoja mwenye kipaza sauti, aliyeahidi siku tisini mishipa itakuwa kama ya mtoto.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Aibu, mwanangu. Na yeye nilimwomba asikwambie."

Kesho yake mchana, Rómulo alisimama kwenye kibanda cha Edelmira, mbele ya foleni ya wateja, akiwa bado na koti lake la kliniki. Hakumvuta Edelmira pembeni. Alisema, kila mtu akisikia, kwamba alimshuku mwanamke mkweli kuliko wote sokoni, na kwamba amekuja kuomba radhi.

Edelmira aliendelea kufunga kizibo cha chupa. "Umemaliza?"

"Bado. Nataka kukuoa."

"Mimi siolewi na mtu anayelipa kosa."

"Kosa nimeliombea radhi. Hili ni jingine. Nilitaka kukuoa tangu Januari, nikawa mwoga."

Edelmira aliinua kidevu, macho yakimlowa bila yeye kuyafuta.

"Siku ukiwa na shaka nami, unakuja, unakaa, unaniuliza usoni. Si kwenye simu."

"Nakuahidi, mpenzi."

"Basi nimekubali. Zunguka huku nyuma, unazuia watu."

Kisha akamgeukia mama mwenye kikapu aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. "Samahani, mama, nilikuwa nachumbiwa. Ulisema unataka nini?"