Mchezo Ambao Taalai Hakuuweka

Asubuhi hiyo Ainagul alipofungua duka lao sokoni mjini Osh, alikuta mashine ya michezo inanuka sufu mbichi, kama kondoo aliyenyeshewa. Akaifuta kwa maji ya sabuni. Harufu haikutoka.

Mashine hiyo mumewe, Taalai, aliileta kwa ajili ya wateja wasio na kadi za benki. Unaingiza noti za som, unachagua mchezo kwenye kioo, nayo inakutolea karatasi yenye namba. Ukiziandika kwenye simu yako, mchezo unafunguka. Biashara ilikwenda vizuri, mpaka watu walipoanza kuulizia mchezo wa mwanamke aliyeketi kando ya tanuri la mikate, amewapa mgongo wachezaji. Taalai aliwaambia hauzi mchezo huo. Wakamwonyesha karatasi zake, zilizotoka kwenye mashine hiyo hiyo.

Kubat, mdogo wake Taalai aliyeishi nao, aliununua kwa ubishi, akisema ni utani wa mafundi wa mashine. Jioni Ainagul alimkuta ameketi sebuleni, simu imezimika, vidole vyake bado vinagonga kioo cheusi. Chai aliyowekewa ilikuwa imepoa.

"Shemeji, hebu iweke chini hiyo simu," alimnong'oneza.

"Siwezi," Kubat akajibu taratibu. "Nikiacha, atageuka."

Ainagul na Taalai walimpokonya simu, lakini vidole viliendelea kugonga juu ya goti, na ile harufu ya sufu ikapanda kutoka kwenye zulia, na sauti ya kike ikaanza kuita kwa upole, kama mchungaji anavyoita wana-kondoo, ikitokea kwanza kwenye simu, kisha ukutani, kisha kooni mwa Kubat, ambaye midomo yake ilikuwa imefumba kabisa.

Kesho yake Taalai alichomoa waya wa mashine, akamwita shehe Abdimalik, mtu mpole aliyekwisha kuwapunga wengi wenye majini. Alifika baada ya sala ya adhuhuri. Wauza duka wa jirani wakajaa mlangoni. Shehe alivua koti, akawasha matawi makavu ya mti wa mtarakwa kwenye chetezo, akaizungushia mashine moshi huku akisoma, na kadiri alivyosoma ndivyo kile kioo kisicho na umeme kilivyozidi kung'aa, hadi sauti ile ikazungumza, bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Humu sikai, mzee. Humu nilipita tu. Kila aliyeandika zile namba alinifungulia mlango wa kwake kwa mkono wake. Utanifukuza nyumba ngapi?"

Kioo kikazimika. Shehe akamuuliza Taalai ameuza karatasi ngapi za namna ile. Taalai hakujua. Shehe akakiweka chini chetezo, akageuka kuelekea mlangoni.

Taalai akamshika mkono. "Usituache, shehe. Ndugu yangu je?"

"Binti yangu alinunua hapa," shehe akasema kwa sauti ndogo. "Siku hizi ametulia chumbani kwake. Nilimsifu."

Akatoka mbio kwenye theluji, koti lake likabaki kwenye kiti, na hakuna aliyemfuata kumpa, kwa sababu wote waliosimama pale mlangoni walikuwa wameshatoa simu zao, wanapiga nyumbani, na hakuna hata mmoja ambaye simu yake ilipokelewa.